Ngazi ya Darini katika Nyumba Ndogo

Katika miji yetu kiwanja ni haba, na jamaa zaongezeka. Baba mwenye vyumba viwili hawezi kila mara kujenga cha tatu ubavuni, maana ukuta wa jirani u karibu. Basi hutazama juu. Akiona paa lake limeinuka vya kutosha, hutandika mbao juu ya boriti, akapata dari ya kulaza watoto au ya kuwekea magunia ya maharagwe. Shauri hilo ni jema. Lakini mara nyingi twaona kwamba mwenye nyumba amefikiri sana habari za dari, wala hakufikiri habari za kuifikia. Ngazi hutengenezwa mwisho, kwa mabaki ya mbao, nao watoto ndio wanaolipa kwa kuvunjika mikono.

Ni kweli kwamba ngazi nzuri hula nafasi. Tufanye hesabu. François Blondel, mstadi wa majenzi wa Ufaransa, alieleza katika kitabu alichoanza kukitoa mwaka 1675 kwamba ngazi yapaswa kufuata hatua ya mtu: kimo cha kidato mara mbili, ongeza upana wake, upate hatua moja. Mafundi wa siku hizi huhesabu hatua hiyo kuwa sentimita 63 hivi. Kidato chenye kimo cha sentimita 18 na upana wa 27 chatimiza kanuni hiyo. Dari ikiwa juu mita 2.52, tutapanda mara 14, na hatua ya mwisho ni sakafu ya dari yenyewe. Hivyo vidato 13 vyatwaa mita 3.51 za sakafu. Katika nyumba ndogo hicho ni chumba kizima! Kwa sababu hiyo watu wa nchi mbalimbali wamebuni njia nyingine, nasi twaeleza nne.

Ya kwanza ni ngazi ya kuegemeza. Kanuni yake ni rahisi: kwa kila mita nne za kimo, miguu yake iwe mbali na ukuta mita moja. Kwa dari yetu ni sentimita 63 tu. Juu itiwe kulabu mbili za chuma zinazoshika boriti, isiteleze; kazi ikiisha itundikwe ukutani. Lakini yataka mikono miwili na mtu mwenye nguvu, naye ashuke akiielekea ngazi, wala asiipe kisogo.

Ya pili ni ngazi ya vidato vya kupokezana. Mtu apandapo, kila mguu huruka kidato kimoja. Kwa hiyo nusu ya kila kidato haikanyagwi. Fundi huikata nusu hiyo. Ubao wa kwanza ni mpana upande wa kuume, wa pili upande wa kushoto, na kuendelea vivyo hivyo hata juu. Kwa kimo cha sentimita 21 na mwendo wa 12, vidato 11 vyatwaa mita 1.32 tu, na bado kila mguu wapata mahali pa sentimita 24. Ila lazima kuanza na mguu ulio sawa, na mgeni hukosea kwa urahisi gizani.

Ya tatu ni ngazi ya kuzunguka nguzo. Ni ya zamani sana: ndani ya nguzo ya Kaisari Trajan huko Roma, iliyomalizika mwaka 113, mna ngazi ya namna hii yenye vidato 185. Yaweza kutosha katika pembe yenye mita moja na nusu kila upande. Lakini karibu na nguzo vidato ni vyembamba, na godoro au gunia halipiti vizuri.

Ya nne yatoka Japani, nayo yatupendeza kuliko zote. Huko, katika zama za Edo, kati ya mwaka 1603 na 1868, mafundi walitengeneza makabati yenye umbo la ngazi, yenye milango na droo chini ya kila kidato. Tukifanya kimo sentimita 21 na upana 21, kanuni ya Blondel yatimia, na vidato 11 vyatwaa mita 2.31. Ngazi hiyo yachukua nafasi, lakini yairudisha: sufuria, madaftari na viatu vyakaa ndani yake.

Tuchague ipi? Tusiulize kwanza bei, bali tuulize: nani atapanda, amebeba nini, na saa ngapi? Kwa magunia yanayoshushwa mara chache, ngazi ya kuegemeza yatosha. Kwa watoto wanaolala juu kila usiku, afadhali ngazi ya kabati, yenye ubao wa kushika kwa mkono. Wazee, mama wajawazito na watoto wachanga walale chini.

Mbao ziwe kavu. Mkaratusi mbichi hupinda na kupasuka. Vidato vichomekwe katika miimo, visishikwe kwa misumari peke yake. Tundu la dari lizungushiwe uzio, na nafasi kati ya fito isifike sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipite.

Tena tukumbuke methali: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kadutu, mtaa wa Bukavu wenye nyumba nyingi za mbao, umeunguzwa na moto mara nyingi. Moto na moshi hupanda juu, na tundu la ngazi ndilo bomba lao. Kwa hiyo mbabula isiachwe ikiwaka ndani usiku, maana hewa ya makaa huua bila rangi wala harufu. Na dari wanamolala watu iwe na dirisha la kumpitisha mtu mzima, linalofunguliwa kutoka ndani bila ufunguo.

Kabla ya kununua ubao hata mmoja, chora ngazi kwa chaki sakafuni na ukutani. Mwite mama wa nyumba, ambaye atapita hapo mara nyingi kuliko wote, aone kama mlango wafunguka na kama njia ya jikoni imebaki. Chaki hufutika, ngazi iliyokwisha kugongomewa haifutiki.