USALAMA KAZINI: Pale Jiwe Linapokwisha

Ndugu mfanyakazi, uliza mtu aliyechimba shimo la choo katika Mapendo, hapa Goma. Atakuambia: unapiga nyundo siku nyingi juu ya jiwe la volkano, halafu ghafula chuma kinaingia katika vipande vilivyolegea, au udongo wa zamani, au uwazi mtupu. Ndivyo lava inavyolala: ganda lililovunjika juu, jiwe gumu katikati, vipande tena chini. Ile ya tarehe 17 Januari 2002, iliyopita katikati ya mji, nayo ililala juu ya lava za zamani.

Kwa mwenye kutoboa kwa mashini, hatari iko pale pa kugeuka. Katika jiwe gumu unasukuma kwa nguvu. Jiwe likiisha, chuma kinaruka mbele na kunaswa. Hapo mashini yenyewe inataka kuzunguka, na mkono wako umeishika.

Siku hizi mainjinia wanaweza kutoboa kwanza ndani ya kompyuta. Mwaka 1971 Peter Cundall alionyesha njia ya kuhesabu mwamba kama vipande vingi vinavyogusana, kila kimoja kikimsukuma jirani yake. Mwaka 1979, yeye na Otto Strack waliandika juu ya njia hiyo kwa chembe za mchanga na udongo. Kwa hesabu za namna hiyo wanajaribu nguvu ya kusukuma na mwendo wa kuzunguka, na kuona wapi chuma kitanaswa, bila mtu kuvunjika kidole.

Lakini kompyuta haina macho ya kuona chini ya ardhi. Inajua tu yale iliyoambiwa. Ukiandikisha "jiwe gumu, mita 4," na kumbe kwenye mita 2 na nusu chuma kilianguka chenyewe, picha yake ni uongo, na kesho mwenzako ataiamini. Basi mwambie kapita: sauti iligeuka kina gani, maji yalipotelea wapi, matope yalibadilika rangi lini. Mwambie hata kama ana haraka (na kapita gani hana haraka?).

Kuna jambo ambalo hesabu hiyo ya kutoboa haigusi: mazuku. Ni gesi ya kaboniki, nzito, haina harufu, inakaa mashimoni. Mtu asishuke katika shimo kabla hewa haijapimwa. Nawe mama, ukiwa na shimo linalochimbwa nyumbani, usimtume mtoto kuokota nyundo iliyoanguka ndani.