Theluji ya Kibo na Mahori ya Mombasa

Mwalimu mmoja wa jiografia alipata kuniuliza kama fiodi ina jina la Kiswahili. Alitaka kuwafundisha wanafunzi wake kwamba hori la Tudor, lipitalo kando ya Mji wa Kale, ndilo fiodi ya kwetu. Nilimjibu kuwa jina lingepatikana. Lisilopatikana ni ukweli wa jambo lenyewe.

Fiodi ni bonde lililochongwa na barafu iliyoteremka polepole kutoka milimani, kisha bahari ikaliingia. Ile ya Sogne, nchini Norwei, ina kina cha zaidi ya mita 1,300. Mahori ya Mombasa yalichongwa na mito. Yapata miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yamegandia nchi kavu, hasa kaskazini, bahari ilikuwa chini ya usawa wa leo kwa mita 120 hivi. Mito ikakata mwamba ikiifuata bahari iliyokimbia. Barafu ilipoyeyuka bahari ilirudi, ikayafurika mabonde hayo, na Mombasa ikawa kisiwa. Basi barafu haikuyagusa mahori yetu, lakini pasipo kuyeyuka kwake, Kilindini isingekuwa na kilindi.

Atakaye kuiona barafu yenyewe na aondoke Ngome ya Yesu alfajiri, avuke Makupa, apite Mariakani na nyika ya Taru hadi Voi, kisha ashike njia ya Taveta. Mara nyingine nimerejea bila kuona ila mawingu (Kibo ana kiburi hicho). Lakini asubuhi ikiwa njema, weupe ule hujitokeza juu ya vumbi la nyika, na msafiri hunyamaza.

Weupe huohuo ndio aliouona Johannes Rebmann, mmishonari aliyetoka Rabai, tarehe 11 Mei 1848. Kiongozi wake, Bwana Kheri, aliuita "beredi" tu, yaani baridi. Kule London, William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakupata kufika huku, alikana katakata kwamba theluji yaweza kuwako karibu na ikweta. Nimewahi kusikia jibu la Bwana Kheri likichekwa darasani, eti ni ushahidi wa umaskini wa lugha yetu. Umaskini gani? Alilitaja jambo kwa sifa yake iliyo kweli, na kati yake na Cooley aliyekosea ni Cooley. Tena Kiingereza chenyewe kiliazima neno lake la fiodi kwa Wanorwei, na la barafu itembeayo kwa Wafaransa, kama sisi tulivyotwaa theluji kwa Waarabu na barafu kwa Waajemi.

Kosa letu ni jingine. Aghalabu twaita yote barafu: idondokayo, igandayo na itembeayo. Mwanafunzi ataelewaje basi namna bonde la Teleki, katika Mlima Kenya, lilivyochongwa? Napendekeza theluji iwe ile inayoanguka, barafu iliyoganda, na mto wa barafu ule unaoteremka. Watakaolalamika kwamba hilo si neno bali ni maneno matatu, na walete moja.

Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilienea takriban kilomita 12 za mraba. Kufikia 2011 zilibaki pungufu ya 2. Mwalimu yule nilimshauri awapeleke wanafunzi Taveta kwanza. Hori la Tudor litawangoja.