Vumi Chini ya Mabati

Ifikapo Oktoba, wakulima wadogo wa chai wanapolipwa bonasi yao, maduka ya vyombo vya umeme ya Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Bomet hutoa spika barazani. Kila duka hushindana na jirani yake kwa kishindo. Mnunuzi hufika na buti zake za shamba, akaweka kiganja juu ya sanduku la sabufa, akangoja kifua kimtikisike, kisha akasema, "Nifungie hii." Hapo ndipo fedha za mwaka mzima wa kuchuma majani hupotea njia, kwa sababu barabarani hapana kuta, na sauti isikikayo barabarani siyo itakayosikika sebuleni.

Mimi mtu wa pwani nilipanda nchi hiyo ya baridi kwa ajili ya nyimbo, si kwa ajili ya spika. Wapenzi wa muziki wanajua kwamba mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet na mtambo wake wa kunasia sauti, akawarekodi Wakipsigis wakiimba juu ya kiumbe waliyemwita Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika huku kwa santuri za wageni. Wasichana wakamwimbia kwa kinanda chao cha nyuzi, chepkong', wakamfanya nusu mtu nusu paa. Mwaka 2015 maktaba ya muziki iliyoanzishwa na Tracey huko Afrika Kusini, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, zilizirudisha nyimbo hizo Kapkatet.

Hebu fikiri, msomaji. Gramafoni ile ya kuzungushwa kwa mkono haikuwa na besi ya kutajika. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya nyuki ndani ya kopo. Na bado ilitosha kuwatia watu wazima wazo la kiumbe mwenye kwato! Walichokinasa masikioni ni sauti ya mtu na gitaa lake.

Baadaye mji wa Kericho wenyewe ukawa mji wa santuri. Duka na studio ya Chandarana zilitoa sahani ndogo za mizunguko 45, na Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et wakasikika kila kilima, pamoja na wapiga benga waliopanda kutoka upande wa ziwani. Nyimbo hizo leo zimo katika simu za vijana, nazo ndizo zilizonifikisha katika nyumba moja karibu na Mogogosiek, kwa mwalimu mstaafu ambaye pia ana ekari mbili za chai.

Nilikuta nyumba imegawanyika. Kijana wake alikuwa amenunua mtambo wa sinema ya nyumbani, spika tano ndogo na sabufa ya inchi 12, akaipachika sabufa kwenye pembe. Baba mtu alikuwa amehamia jikoni. "Mzee," aliniambia, "hiyo ngoma hunipiga mgongoni mpaka sisikii Kipchamba anasema nini. Habari ndizo sizipati kabisa." Kijana naye, kwa adabu, akasema, "Baba, mbona mimi hapa naona besi ni kidogo? Hata nimeongeza." Wiki mbili walikuwa hawajaketi pamoja jioni, na mama wa nyumba alikuwa amekwisha kutaja kuuza kitu chenyewe.

Jambo lililonishangaza ni kwamba wote wawili walikuwa wanasema kweli. Sebule ilikuwa ya mawe, mita nne kwa nne, dari ya mbao na mabati juu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Katika chumba cha mita nne, mtetemo wa mara 42 hivi kwa sekunde hugonga ukuta huu na ule ukarudi ukijikuta, ukajiongeza wenyewe. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetemeka mara 41. Yaani chumba kile kilikuwa kimetegwa kwenye noti ile ile, na kwa kuwa ni cha mraba, kimetegwa mara mbili, kwa urefu na kwa upana. Pembe nayo huzidisha. Sasa, mawimbi ya namna hiyo hulundikana kwenye kuta na hufifia katikati ya chumba. Kochi la baba lilikuwa limeegemea ukuta. Kiti cha kijana kilikuwa katikati kabisa, mahali ambapo besi imekufa. Kila alipoongeza ili apate kidogo, baba yake alipata gunia zima.

Kwetu, katika ngoma, tuna chapuo, tuna msondo, tuna vumi. Vumi ndilo la chini, na fundi wa vumi hapigi ili asikike yeye. Akizidi, waimbaji hawapati maneno. Na maneno, nilivyofundishwa chuoni na mwalimu wangu wa Kurani, yamo katika makharij, pale herufi inapotokea mdomoni. Sin, shin, tha, fa, zote hizo ni sauti nyembamba za juu, maelfu ya mitetemo kwa sekunde, tena hafifu. Vumi likijaa chumba, herufi hizo ndizo za kwanza kuzama. Mzee wa miaka sabini ambaye masikio yake yamekwisha kupoteza sauti za juu hubaki na mngurumo tu.

Tena ongeza mvua. Kericho hunyeshewa karibu kila alasiri, na sehemu hizi ni miongoni mwa zile zinyeshewazo mvua ya mawe mara nyingi kabisa duniani. Bati likilia, mkono wa kijana huenda kwenye kitufe cha besi. Ni kosa. Besi haimrudishii mtu neno lililofunikwa na mvua. Katika mtambo wa spika tano, maneno ya filamu na ya habari hutoka zaidi katika ile ya katikati, iliyo chini ya televisheni. Ndiyo ya kuongezwa. Pale Mogogosiek nilikuta ile ya katikati imewekwa nyuma ya chombo cha maua, kwa sababu ni ndogo na haina taa za rangi.

Kuhusu ukubwa, sitazunguka. Kwa sebule ya mita nne kwa nne, inchi 8 yatosha, inchi 10 ni ukarimu. Uso wa inchi 12 ni mara mbili na robo wa ule wa inchi 8, nao wafaa ukumbi wa kanisa au harusi. Lakini inchi si kitu pekee. Gonga sanduku kwa vifundo vya vidole. Likilia kama debe, liache, hata kama ni la inchi 15, kwa kuwa utakuwa unasikiliza mbao badala ya muziki. Wala usisome wati zilizoandikwa kwenye katoni, ambako hata chombo cha bei ya mbuzi hudai maelfu. Geuza mtambo, usome kibandiko cha nyuma kinachosema unakula wati ngapi za umeme. Ukila 60 hauwezi kuendelea kutoa 600, kama vile ng'ombe asivyotoa maziwa kuliko anavyokunywa na kula.

Hapo ndipo zinapounguzwa spika nyingi. Kuongeza besi kwa desibeli 10 kwataka nguvu mara kumi. Mtambo mdogo ukiombwa nguvu usiyokuwa nayo hukata mawimbi vichwa, sauti ikakwaruza, na koili ikapata moto. Fundi wa redio wa Bomet hapungukiwi na kazi mwezi wa Novemba.

Na santuri za zamani zina hukumu yake. Wakati wa kukata mifereji ya sahani, besi hupunguzwa kwa makusudi, maana mawimbi mapana yangemtupa sindano nje ya njia, kisha huongezwa na mtambo wa kupigia. Hata hivyo sahani ndogo haibebi vumi zito. Anayetafuta kishindo cha klabu katika Kipchamba atakuwa anaongeza ungurumo wa injini ya sahani na kumfunika mpiga gitaa.

Basi siku ile tulifanya hivi. Tuliiweka sabufa juu ya kochi la mzee, tukapiga wimbo ambao besi yake inatembea, kisha kijana akatambaa kwa magoti kando ya kuta akisikiliza. Mama alicheka mpaka akaketi. Pahala ambapo noti zote zilisikika kwa usawa, karibu na kati ya ukuta wa dirisha, ndipo tulipoihamishia sabufa. Kochi likavutwa mbele kama hatua moja kutoka ukutani. Kiti cha kijana kikarudishwa nyuma kutoka katikati, kikawa ubavuni mwa kochi. Mpaka wa kugawia sauti ukawekwa kwenye 80, spika ya katikati ikatolewa mauani, na kitufe cha besi kikashushwa hadi chini ya nusu.

Kijana alilalamika kwamba usiku, sauti ikiwa ndogo, besi hutoweka. Ana haki. Tangu mwaka 1933 Fletcher na Munson walionyesha kwamba sikio la binadamu hupoteza sauti za chini sauti yote inapopunguzwa. Tukapatana kwamba usiku aongeze alama mbili tu, na asubuhi azirudishe. Mzee alitaka alama hizo zichorwe kwa kalamu, zikachorwa.

Kisha Koilong'et ikapigwa tena. Mzee aliinua kidole, akaanza kumfasiria kijana mafumbo ya Kikipsigis ambayo, nilivyoelewa, kijana alikuwa hajapata kuyasikia ndani ya wimbo ule, ingawa aliukariri wote.