Jino Liking'oka, Usilitupe

Mimi ni tabibu wa meno hapa Muheza, mkoani Tanga. Msimu wa machungwa ukifika napokea watoto walioanguka mitini. Siku nyingine ni mpira, bodaboda, au mpini wa pampu ya kisima uliomrudi mtoto mdomoni. Jino linaloumia karibu kila mara ni la mbele, la juu. Nikiuliza, "Jino lenyewe liko wapi?" mara nyingi naambiwa, "Tumelitupa." Au mzazi hulitoa mfukoni, limeviringishwa kwenye karatasi, kavu kama kokoto.

Jino la ukubwani lililong'oka zima na mzizi wake linaweza kurudishwa mahali pake na likashika. Ila kazi kubwa ni ya yule aliye karibu na mtoto kabla hajafika kwangu.

Mzizi wa jino umevikwa utando mwembamba wenye nyuzi zinazoushikiza kwenye mfupa. Jino liking'oka, sehemu ya utando huo hubaki kwenye mzizi, bado i hai. Ikikaa kavu nusu saa, seli zake nyingi huwa zimeanza kufa; ikifika saa nzima, ni kama hazipo. Jino lililokauka hivyo, hata likirudishwa, mfupa hugandamana na mzizi na kuula polepole mpaka jino lidondoke.

Basi, ajali ikitokea, mtazame kwanza mtoto. Kama alizimia, anatapika au damu haikatiki, mkimbize hospitali, jino litafuata. Kama yu salama, litafute jino. Lishike kwa ile sehemu nyeupe inayoonekana mtu akicheka, mzizi usiuguse. Likiwa na mchanga, lisuuze kwa maji baridi safi kwa sekunde kama kumi. Usilisugue, usitie sabuni wala dawa ya vidonda. Kisha lirudishe kwenye tundu lake, upande wa mbele ukitazama nje, ulisukume taratibu, na mtoto aume kitambaa safi mpaka mfike hospitali.

Ukishindwa kulirudisha, litie kwenye maziwa baridi, ya ng'ombe au ya pakiti; mtindi haufai. Maji matupu nayo hayafai kulihifadhi, maana huingia ndani ya seli zikavimba na kupasuka. Maziwa yakikosekana, mtoto ateme mate kwenye kikombe, jino likae humo.

Mwalimu mmoja alinipigia simu akiwa uwanjani. "Daktari, jino la mtoto limetoka lote, ninalo mkononi."

"Pole, Mwalimu. Duka liko karibu?"

"Lipo."

"Tuma mtu akanunue maziwa, litie humo, kisha pandeni bodaboda mje sasa hivi."

Walifika na jino kwenye kikombe cha plastiki. Nilimpiga mtoto ganzi, nikasafisha tundu, nikalirudisha jino na kulifunga kwa waya mwembamba pamoja na meno jirani, likae hivyo majuma mawili. Nilimwandikia dawa ya kuzuia maambukizi na nikauliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Nikamwambia mama yake ampe uji na vyakula laini, na asiache kumpigisha mswaki laini. Kwa mtu ambaye mzizi wake umeshakomaa, ndani ya majuma hayo mawili tunatibu pia mshipa wa ndani ya jino, kwa kuwa huwa umekufa.

Jino la utotoni halirudishwi, kwani ukilisukuma unaweza kuharibu la ukubwani linalokua chini yake. Ila wazazi hukosea hapa: mtoto wa miaka minane akianguka, jino hutupwa juu ya paa kama wazee walivyotuzoesha, kumbe ni la maisha yake yote. Meno ya mbele ya ukubwani huanza kuota mtoto akiwa na miaka sita hadi minane. Ni makubwa zaidi, mzizi wake ni mrefu, na yakiwa mapya ukingo wake una vijino vidogo kama vitatu. Ukiwa na shaka, usilirudishe. Litie kwenye maziwa ulilete.

Likivunjika, okota kipande, nacho ukitie kwenye maziwa au maji, maana mara nyingi tunaweza kukigundisha. Ukiona kitone chekundu katikati ya palipovunjika, mshipa uko wazi: njoo siku hiyo hiyo. Usiweke aspirini kwenye ufizi, itauunguza. Na kipande kisipoonekana, tuambie, maana huenda kimezama ndani ya mdomo wenye jeraha au kimeingia kifuani.

Walimu wakuu, nawaomba: kwenye sanduku la huduma ya kwanza wekeni kikombe safi chenye mfuniko, namba ya simu ya kliniki ya meno iliyo karibu, na fedha ya pakiti moja ya maziwa. Kisha hakikisheni kila mwalimu wa zamu anajua vinafanya kazi gani.