Kuchoma mali: sheria huangalia moto na nia

Si kila moto unaoteketeza jengo huwa ni kosa la jinai. Ili mtu atiwe hatiani kwa kuchoma mali, ni lazima ithibitishwe kwamba yeye ndiye aliyeuwasha moto huo, na kwamba alikuwa na dhamira inayokatazwa na sheria.

Nchini Kenya, kifungu cha 332 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu anayechoma jengo, chombo cha majini, lundo la mazao au mgodi, kwa makusudi na kinyume cha sheria. Jengo ambalo ujenzi wake haujakamilika nalo limo. Adhabu ya juu kabisa ni kifungo cha maisha, na kwa anayejaribu tu, miaka 14. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, iliyorithiwa vilevile kutoka enzi za ukoloni wa Uingereza, inaweka kifungo cha maisha kwa kosa hilo katika kifungu cha 319.

Katika England na Wales, sheria ya mwaka 1971 inakwenda mbali zaidi. Hata asiyekusudia hasara aweza kutiwa hatiani, iwapo aliitambua hatari na bado akaipuuza.

Mwaka 2000, wavulana wawili wenye umri wa miaka 11 na 12 waliwasha magazeti nyuma ya duka katika mji wa Newport Pagnell. Walidhani yangezimika yenyewe, lakini moto ulisababisha hasara ya takriban pauni milioni 1. Walitiwa hatiani, lakini mwaka 2003 majaji wa Baraza la Malodi, iliyokuwa mahakama ya mwisho wakati huo, waliifuta hukumu hiyo kwa sababu watoto hao hawakuitambua hatari yenyewe.

Moto unapoua, mashtaka huwa mazito zaidi. Mwaka 2017, wanafunzi 10 walikufa bweni lilipoungua katika shule ya wasichana ya Moi, Nairobi. Mwanafunzi mwenzao alishtakiwa kwa mauaji. Desemba 2021, Mahakama Kuu iliamua kwamba ndiye aliyewasha moto, lakini haikuthibitishwa kuwa alidhamiria kuua. Alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, na mwaka 2022 akafungwa miaka 5.

Kwa mzazi aliyempoteza binti, adhabu hiyo yaweza kuonekana haba. Hata hivyo, ukubwa wa msiba peke yake hauwezi kuziba pengo la ushahidi kuhusu nia ya mshtakiwa.