Gazi, kijiji kinachoishi kwenye matope

Wasafiri wengi wanaotoka Mombasa kuelekea Lunga Lunga huwa wamekwisha kushuka Diani kabla gari halijafika Gazi. Si ajabu. Diani ina mchanga mweupe, hoteli, na vijana wanaotembeza ngamia ufuoni. Gazi, kilomita 50 hivi kusini mwa Mombasa, ina matope. Matatu husimama kumshusha mama na ndoo yake, ikaondoka. Ukiacha lami unaingia kwenye minazi na miembe, nyumba za udongo na za mawe ya matumbawe zimekaa bega kwa bega, makuti kwa mabati. Unaweza kukipita kijiji karibu chote usione bahari. Utakachokutana nacho kwanza ni harufu ya samaki wanaokaangwa.

Makala nyingi za kutembelea vijiji vya wavuvi nimezisoma, na nyingi zinaugua ugonjwa mmoja: mwandishi anakwenda ufuoni, anaona ngalawa, anaona jua likitua, anarudi mjini. Wenyeji wamo humo kama mapambo. Gazi haiandikiki hivyo, kwa sababu penye maisha yake si baharini hasa wala si bara. Ni pale katikati, kwenye ghuba ambayo mara mbili kwa siku hujaa maji na mara mbili ikabaki tope, mizizi na kaa.

Rasi ya Chale inaikinga ghuba hiyo upande wa mashariki, na mwamba wa matumbawe unaikinga upande wa kusini. Mito miwili, Kidogoweni na Mkurumudzi, inaimiminia maji matamu na udongo kutoka upande wa milima ya Shimba. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii hukaribia mita 4, na kwa kuwa ghuba ni tambarare, maji yakitoka hutoka kwelikweli. Vyombo vilivyokuwa vinaelea asubuhi utavikuta vimelalia ubavu. Tena saa za maji hazitulii: kila siku husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo anayetoka alfajiri wiki hii, wiki ijayo atatoka jua likiwa utosini. Mgeni anayekuja na ratiba ya mkutano wa ofisini atashinda akiuliza kwa nini hakuna kinachoendelea.

Nilimsalimu mama mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kibaraza, nikamuuliza kama kesho atakwenda kutafuta pweza, nimfuate.

"Kesho maji mafu, mwanangu. Mwamba hautoki," akasema. "Njoo bamvua."

Basi. Hakuna mwongozo wa watalii ulionipa habari hiyo kwa maneno machache namna ile. Pweza wa mguu, yaani wa kutafutwa kwa kutembea juu ya mwamba na kijiti mkononi, hupatikana siku hizo chache za bamvua, kuzunguka mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Siku nyingine maji hayashuki kiasi cha kuufichua mwamba, na wanaotegemea miguu yao hufanya kazi nyingine.

Wenye vyombo wana nafasi zaidi, lakini si kubwa. Wengi hutumia mitumbwi na ngalawa, na hawavuki mwamba kwenda bahari kuu. Huvua humu ndani kwa nyavu, mishipi na malema. Lema la kusukwa ni chombo cha kutazamwa kwa makini. Samaki huingia kwa mlango mpana unaozidi kuwa mwembamba kadiri anavyokwenda ndani, akatafuta pa kutokea asipaone. Hutegwa kwenye nyasi za bahari, na wanaoingia zaidi ni tafi na pono. Upepo nao una neno lake. Kuanzia kama Aprili hadi Septemba huvuma kusi, bahari ikachafuka na mitumbwi mingi ikashinda ufuoni. Kuanzia Novemba huja kaskazi, bahari ikalala, samaki wakaongezeka na bei zikashuka.

Kaskazi huleta wageni pia. Wavuvi wa Pemba wamekuwa wakivuka kuja huku tangu zamani, wakapiga dago, yaani kambi ya msimu, Vanga, Shimoni, Msambweni na hapa Gazi. Hawa ni watu wa bahari ya mbali, mafundi wa kusoma mikondo, na baadhi yao wameoa huku wakabaki. Lakini udugu huo una mgogoro ndani yake. Nyavu za kuzingira, wanazoziita ringineti, zikishushwa na kundi la wavuvi wengi zinaweza kuleta ufuoni kwa siku moja samaki ambao mwenye lema hawaoni kwa mwezi. Wanaozitetea wanasema zimewekewa bahari yenye kina, kwa samaki wanaopita kwa makundi, na kwamba zinaleta kazi kwa vijana. Wenye malema wanasema huona zikishushwa karibu na mwamba, na zikisha kuondoka hakuna cha kutega. Kenya ilipiga marufuku wavu wa juya mwaka 2001 kwa sababu huo hukokotwa chini na kuzoa hadi vichanga. Ringineti imebaki jambo la kubishaniwa ufuo kwa ufuo. Mimi naelemea upande wa wenye malema, ingawa najua si mimi ninayelipa karo kwa kazi hiyo.

Ukitaka kukiona kijiji kikiwa macho kabisa, nenda penye banda la samaki vyombo vinaporudi. Hapo hakuna uvivu wa pwani unaosimuliwa na watu wa bara. Mizani inaning'inia, karani wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, anaandika, na samaki wanagawanywa kwa upesi ambao mgeni hauelewi mara moja. Wale wakubwa, changu wazuri, kolekole, nguru akipatikana, tayari wana mwenyewe: tajiri, aliyetoa pesa za nyavu au za kutengeneza chombo, na ambaye kwa ajili hiyo ndiye anayeuziwa, mara nyingi kwa bei yake. Hao huingia kwenye barafu na kupanda gari kwenda Diani au Mombasa. Yule samaki wa kuchoma anayeletwa kwenye sahani ya hoteli na limau pembeni huenda aliondoka hapa kwa bei ambayo mla nyama ya samaki huyo hangeamini.

Wadogo ni wa mama karanga. Hawa ni wanawake wanaonunua samaki ambao tajiri hawataki, wakawakaanga kwenye karai kubwa na kuwauza jioni kijijini na vijiji vya ndani. Ukiwatazama wakipatana na mvuvi utaona nani hasa anayelisha Gazi. Mama mmoja alishika fungu la tafi, akalipima kwa mkono tu, akataja bei. Kijana akalalamika, "Mama, na mimi nina watoto." Akajibiwa, "Na wanaokula kwangu je, hawana?" Akauza. Tajiri huwalisha wa mbali. Kijiji chenyewe hupata kitoweo chake cha jioni kutoka kwenye karai lile, na ufuo ukivuliwa mpaka vidogo vikaisha, karai ndilo litakalokauka kwanza.

Hapo ndipo mikoko inapoingia. Samaki wengi na kamba hukulia kwenye mizizi hii wakiwa wadogo, kabla ya kutoka kwenda kwenye nyasi na mwamba. Wanawake wa Gazi wamejenga njia ya mbao juu ya tope, mita mia kadhaa ikipita katikati ya msitu, na wao wenyewe ndio wanaowatembeza wageni. Nenda na mmoja wao wala usiende peke yako, kwa maana asiyejua huona miti ya kijani tu. Atakuonyesha mlilana, unaosimama mbele kabisa na kupokea mawimbi, ambao mbao zake mafundi walipenda kuzifanya mataruma ya vyombo. Nyuma yake utaona mkoko wenyewe, mizizi imejikunja hewani na matunda yakiwa yameota mche yangali mtini, yakisubiri kudondoka na kujichoma topeni. Kisha kuna mui na mkandaa. Mchu ni mkaidi: hupatikana mbele kwenye maji na tena nyuma kabisa karibu na nchi kavu, umezungukwa na vipumulio vilivyochomoza kutoka ardhini.

Miti hii imejenga miji. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo: kila unene una jina, na kila jina lilikuwa na bei. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni na kurudi na kusi yakiwa yamepakia boriti za pwani hii, na upana wa vyumba vya nyumba nyingi za kale, huku na Ghuba ya Uajemi, ulifuata urefu wa boriti. Kenya ilizuia kuuza miti hiyo nje mwaka 1982. Lakini Gazi ilikuwa imeumia kwa njia nyingine pia: katika miaka ya 1970 mikoko ilikatwa kwa wingi ili iwe kuni za viwanda, na sehemu za ghuba zikabaki uwanja mtupu usiootesha kitu. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990, watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, akiwemo James Kairo ambaye jina lake sasa haliachani na mikoko ya Kenya, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Baadhi ya miti unayopita katikati yake leo, mirefu kuliko nyumba, ilipandwa kwa mkono.

Mwaka 2013 likaja jambo ambalo ukilieleza kwenye baraza ya mjini watu watadhani unatania. Gazi na jirani yake Makongeni walianza kuuza hewa. Mradi wao, Mikoko Pamoja, unalinda hekta 117 za mikoko. Tani kama 3,000 za kaboni dioksidi kwa mwaka zinapimwa, zinathibitishwa, kisha zinauzwa kwa mashirika na watu wa ng'ambo wanaotaka kufidia moshi wao. Mikoko inafaa kwa biashara hiyo kwa sababu ya yale matope: sehemu kubwa ya kaboni yake haimo shinani wala majanini, imefukiwa chini kwenye tope lisilo na hewa, ambako haiozi upesi. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa, na kusini zaidi, Vanga na majirani zake wameanzisha mradi wao, mkubwa zaidi kwa eneo.

Nilikwenda na shaka, na sehemu ya shaka hiyo nimerudi nayo. Katika miaka ya mwanzo mauzo yalikuwa kati ya dola 12,000 na 15,000 kwa mwaka. Vijiji hivi viwili vina watu kama 6,000. Gawanya: ni dola 2 na senti kwa kila mtu, kwa mwaka mzima wa kutokata. Anayenunua kaboni huko Ulaya anaendelea na safari zake za ndege. Anayezuiwa ni yule wa hapa aliyekuwa akiingia na panga kutafuta fito za kukandika nyumba. Ni kweli kwamba mradi umepanda mivinje ili wapate miti ya kujengea na kuni, na kwamba samaki wa kesho wanategemea mikoko ya leo. Bado hesabu hiyo haikai sawa.

Lakini pesa hizo hazigawanywi kwa kila mtu, na hapo wenyeji wametushinda akili sisi wenye kupiga hesabu za mgawanyo. Zinawekwa pamoja, kijiji kinakaa kikao na kuamua. Zimeingia kwenye mabomba ya maji, kwenye vitabu na majengo ya shule. Dola 2 mfukoni mwa mtu ni sukari ya siku chache. Bomba la maji ni saa za mwanamke aliyekuwa akibeba ndoo. Na mahali ambapo kila kitu kingine kina tajiri wake, hiki kimoja hakina.

Na Gazi haikuzaliwa na kaboni. Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui alikuwa na makao yake hapa, na kutoka hapa alisumbua Masultani wa Unguja kwa miongo kadhaa kabla ya kupambana na Waingereza mwaka 1895. Ngome yake ya Mwele milimani ilipoangushwa, aliendelea kupigana msituni, hadi 1896 alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Wazee wanaopenda kusimulia bado wapo. Ukiwauliza kuhusu mikoko watakujibu kwa ufupi. Ukiwauliza kuhusu Mbaruk, jiandae kukaa.

Kwa anayetaka kwenda: vuka Likoni kwa feri, panda matatu za Msambweni au Lunga Lunga, mwambie utingo akushushe Gazi. Kanzu au buibui si lazima, ila kaptula na mabega wazi viache Diani. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa pale bandani, watu wakiwa kazini na wamelowa. Chagua siku za bamvua kama unataka kuona mwamba ukitoka, na vaa viatu ambavyo hutavililia. Njia ya mbao inapendeza zaidi maji yakiwa yanaingia, kaa wakipanda mizizini. Wanawake wa njia hiyo hupika wali wa nazi na samaki kwa wageni, lakini agiza kabla hujaingia msituni, maana samaki wa mchana hununuliwa vyombo vinapofika, na vyombo havimngojei mtu aliyesahau kusema.