GHARAMA ZA MAISHA NCHINI NORWEI: BEI, MSHAHARA NA SAA YA KAZI

Habari za nchi za Ulaya Kaskazini hufika katika vijiji vya Unyambwa kwa namna mbili zinazopingana. Ya kwanza husema kwamba nchini Norwei mtu anayesafisha maofisi hupokea zaidi ya shilingi milioni 8 kwa mwezi. Ya pili husema kwamba huko nauli ya basi la mjini kwa safari moja ni shilingi elfu 10, hata mtu mwenye milioni mfukoni huweza kulala na njaa. Habari zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja inayotosha kumwongoza mwanachama anayetaka kukata shauri.

Na mashauri ya namna hii si ya mzaha. Mzazi huuza ng'ombe, au huomba mkopo katika chama cha akiba na mikopo, ili mtoto apelekwe ng'ambo. Fedha ya mkopo huo ni akiba ya wenzake. Kwa hiyo yafaa viongozi wa vyama vya msingi waielewe hesabu ya nchi hizo ghali kabla ya kutia sahihi, na waielewe vema kiasi cha kuweza kuwaeleza wanachama mkutanoni.

KIPIMO NI SAA YA KAZI

Fedha ya Norwei huitwa kroni. Kwa hesabu rahisi, katika makala haya kroni 1 itachukuliwa kuwa sawa na shilingi 250, ingawa kiwango cha benki hupanda na kushuka.

Tuseme lita moja ya mafuta ya kula katika duka la Oslo, mji mkuu wa nchi hiyo, inauzwa kroni 50, yaani shilingi 12,500. Tuseme pia kwamba lita ya mafuta ya alizeti huku Unyambwa inauzwa shilingi 6,000. Mtu akitazama shilingi tu, atasema kwamba mafuta ya Oslo ni ghali mara mbili ya yale ya Unyambwa.

Lakini sasa na apime kwa kazi. Nchini Norwei hakuna sheria ya kima cha chini cha mshahara kwa kazi zote. Hata hivyo, kwa baadhi ya kazi, usafishaji ukiwa mojawapo, kima cha chini hutangazwa ili kila mwajiri akifuate, na kwa msafishaji mtu mzima kimezidi kroni 200 kwa saa. Akilipwa kroni 200, lita ile ya mafuta ameipata kwa kazi ya dakika 15. Hata baada ya kodi, dakika 20 zinamtosha. Huku Unyambwa, kibarua wa shamba akilipwa shilingi 5,000 kwa siku ya saa 6, hana budi kufanya kazi saa 7 na dakika 12 ndipo apate lita moja ya mafuta, tena mafuta yaliyotokana na alizeti aliyoipalilia kwa mikono yake mwenyewe.

Ni dhahiri basi kwamba bei peke yake haisemi kitu. Bei ikitajwa, hapana budi kuuliza maswali mawili: hupatikana kwa saa ngapi za kazi? Na fedha hiyo ikishalipwa, huenda kwa nani?

FEDHA HUENDA KWA NANI?

Sehemu ya kwanza huenda kwa watu wanaofanya kazi. Katika Norwei mishahara hupangwa kwa mapatano kati ya vyama vya wafanyakazi na vyama vya waajiri, na tofauti kati ya mshahara wa chini na wa juu si kubwa kama ilivyo katika nchi nyingi. Kwa hiyo kila kitu kinachohitaji mkono wa mtu huwa ghali: kunyolewa nywele, kutengenezewa bomba la maji, kupikiwa chakula mkahawani. Kinyozi wa Oslo hula, hulala na hupanda basi Oslo, na bei anayotoza haina budi kumtosha kwa hayo yote.

Sehemu ya pili huenda kwa serikali. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 25 kwa bidhaa nyingi, na asilimia 15 kwa vyakula vya dukani. Aidha, mfanyakazi wa kawaida hukatwa yapata robo ya mshahara wake kabla haujamfikia. Lakini kodi hiyo hurudi. Shule ya mtoto hailipiwi ada. Kulazwa katika hospitali ya umma hakulipiwi. Na ada za daktari zikishafika kiasi fulani kwa mwaka, yaani kroni elfu 3 na kidogo, mgonjwa halipi tena mpaka mwaka uishe. Kwa hiyo mambo ambayo mkulima wa Unyambwa huyawekea mbuzi wa akiba, mkazi wa Norwei ameyalipia kidogo kidogo kila aliponunua mkate.

Sehemu ya tatu huenda kwa mkulima. Ardhi inayolimwa Norwei ni yapata asilimia 3 tu ya nchi nzima. Majira ya baridi ni marefu na mashamba mengi ni madogo. Serikali haikutaka vijiji vife. Tangu Mapatano Makuu ya Kilimo ya mwaka 1950, wajumbe wa vyama vya wakulima hukaa na wajumbe wa serikali kila mwaka kujadiliana kuhusu bei na ruzuku. Kadhalika, nyama na jibini kutoka nje hutozwa ushuru mkubwa. Matokeo yake ni kwamba mlaji hulipa zaidi, na mkulima hubaki shambani. Wapo wananchi wanaounga mkono mpango huo, na wapo wanaonung'unika. Wenye kunung'unika aghalabu huendesha gari zaidi ya kilometa 100 kutoka Oslo hadi ng'ambo ya mpaka, nchini Uswidi, kununua nyama kwa bei nafuu.

WENYEJI HUISHIJE?

Mgeni huweza kudhani kwamba watu wa nchi tajiri hutumia fedha ovyo. Sivyo. Mfanyakazi wa Norwei, hata karani mkubwa, huenda kazini na vipande vya mkate alivyovipaka siagi nyumbani, navyo ndivyo chakula chake cha mchana. Kula mkahawani ni jambo la sikukuu. Chupa tupu na makopo ya vinywaji hayatupwi, kwa kuwa mnunuzi aliweka amana ya kroni 2 au 3 juu ya kila chupa, naye hurudishiwa dukani. Nguo za watoto hupitishwa kutoka familia moja hadi nyingine, na vyombo vilivyotumika hununuliwa bila aibu.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba walikabili ughali huo kwa ushirika. Wafugaji walitangulia: mwaka 1856, huko Rausjødalen, waliunganisha maziwa yao na kujenga kiwanda cha pamoja, na leo chama cha wafugaji kiitwacho TINE ndicho kikubwa kuliko vyote katika biashara ya maziwa nchini humo. Walaji nao waliunganisha maduka yao mwaka 1906 chini ya chama kikuu kimoja. Maduka hayo leo huitwa Coop, na yana wanachama zaidi ya milioni 2. Kwa upande wa nyumba, wakazi wa Oslo walianzisha mwaka 1929 chama cha ushirika cha ujenzi kiitwacho OBOS, ambacho sasa kina wanachama zaidi ya nusu milioni.

Katika nchi jirani ya Uswidi, chama kikuu cha walaji, kilichoanzishwa mwaka 1899, kiliwahi kukabiliana na wenye viwanda waliokula njama ya kupandisha bei. Mwaka 1909 kilinunua kiwanda chake cha majarini. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1930, kilijenga kiwanda cha balbu za umeme kiitwacho Luma, na bei ya balbu ikashuka kwa walaji wote, wawe wanachama au wasiwe. Ushirika huo haukupambana na bei kwa maneno. Ulipambana kwa mali iliyochangwa na wanachama, na kwa vitabu vya hesabu vilivyokaguliwa.

Uhusiano wa nchi hizo na ushirika wa Tanzania si wa jana. Mwaka 1968 nchi za Denmaki, Ufini, Norwei na Uswidi zilianza kwa pamoja mpango wa kuusaidia ushirika wa Tanzania, hasa katika elimu ya wanachama na watumishi. Mpango huo ulifanya kazi bega kwa bega na Chuo cha Ushirika Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1963, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi.

HESABU YA MFANYAKAZI MMOJA

Sasa na turudi kwa msafishaji wa maofisi ambaye sifa za mshahara wake zimefika Unyambwa. Hesabu ifuatayo ni ya mfano, kwa tarakimu zilizokadiriwa, ili viongozi waone njia ya kuipanga.

Mshahara wa mwezi, saa 162 na nusu kwa kroni 200: kroni 32,500.
Kodi ya mapato, robo: kroni 8,125.
Kodi ya nyumba ndogo ya chumba kimoja Oslo: kroni 10,000.
Chakula: kroni 4,000.
Nauli ya mwezi: kroni 1,000.
Umeme, simu, bima, mavazi ya baridi na mengineyo: kroni 4,000.
Baki: kroni 5,375.

Kwa shilingi, mshahara ni 8,125,000, na baki ni 1,343,750. Yaani katika kila shilingi 6 alizopata, 5 zimekwisha Oslo kwenyewe. Kiasi kilichobaki si kidogo kwa macho ya kijijini, lakini si ile milioni 8 iliyosimuliwa. Akiugua mwenye nyumba akapandisha kodi, au yeye mwenyewe akipunguziwa saa za kazi, baki hiyo huyeyuka. Ndugu waliobaki nyumbani wakiijua hesabu hii, hawatamhesabu mtoto wao kuwa mchoyo pale atakapotuma kidogo.

MAOMBI YA MIKOPO YA SAFARI

Kamati ya mikopo inapoletewa ombi la fedha ya kumpeleka kijana Norwei, iangalie mambo yafuatayo.

Kwanza, kibali cha kazi kwa mtu atokaye nje ya Ulaya hutolewa hasa kwa mwenye ujuzi aliousomea, tena mwenye ahadi ya kazi kutoka kwa mwajiri anayejulikana. Wakala anayeahidi kazi ya kufagia kwa kijana asiye na fani, na kudai fedha mbele, ashukiwe.

Pili, masomo nayo yana gharama. Hapo zamani vyuo vikuu vya umma vya Norwei havikutoza ada. Kuanzia msimu wa masomo wa mwaka 2023, wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya walianza kutozwa, na katika kozi nyingi ada hiyo ilizidi kroni elfu 100 kwa mwaka. Tena mwombaji asiye na ufadhili hutakiwa kuonyesha kwamba anazo fedha za kujikimu, zaidi ya kroni elfu 150 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 37. Mwanafunzi huruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo. Hata akizipata zote, mshahara huo haulipi ada pamoja na kodi ya nyumba na chakula.

Tatu, kamati iulize ni nani atakayelipa mkopo endapo kijana atanyimwa kibali. Jibu likiwa ni kwamba "atalipa akifika", huo si mkopo. Ni bahati nasibu inayochezwa kwa akiba ya wanachama. Kijana aliyepata ufadhili kamili, mwenye barua ya chuo na wadhamini wenye mali inayoonekana, ni jambo jingine, na chama chaweza kumfikiria.

FUNZO KWA UNYAMBWA

Wanachama wasiondoke na wazo kwamba dawa ni kupandisha bei kama Norwei. Bei ya juu bila kipato ni njaa. Watu wa Norwei hawakutajirika kwa sababu mkate wao ni ghali. Mkate ni ghali kwa kuwa kila mkono ulioshiriki kuuleta mezani hulipwa ujira wa kuishi.

Swali la Unyambwa ni lile lile: fedha huenda kwa nani? Mkulima anayeuza alizeti yake wakati wa mavuno kwa bei ya chini, kisha Januari akanunua mafuta kwa bei ya juu, amelipa tofauti hiyo kwa mtu mwingine aliyekuwa na ghala na mtaji. Chama chenye ghala, mizani iliyopimwa na mashine ya kukamua huweza kuirudisha tofauti hiyo kwa wanachama, kila mmoja kwa kadiri ya mazao aliyoleta. Lakini ghala lisilo na daftari halirudishi kitu. Maduka ya ushirika ya vijiji yaliyohimizwa mwaka 1976 yaliwaachia wazee wengi funzo hilo: palipokopeshwa bila kumbukumbu, na mali isihesabiwe, duka lilifungwa.

Inafaa kila chama cha msingi kibandike ubaoni, karibu na mizani, tarakimu mbili kila mwezi: bei ya kilo ya alizeti aliyolipwa mkulima, na bei ya lita ya mafuta dukani. Wanachama wakiitazama tofauti hiyo kwa miezi 12, mkutano mkuu hautahitaji hotuba ndefu kuamua kama hisa ziongezwe ili mashine inunuliwe.